Dada Saba na Ukumbi wa Mji: maneno kwa Waswahili wa Rochdale

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini: kwa wanaostahili shikamoo, shikamooni, kwa wengine, habari za jioni. Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Wengi humu mnanijua kama mtu wa majengo. Kazi yangu ni kuingia katika nyumba za watu, kutazama kuta, kugonga plasta, kupima unyevu na kuandika kilichoharibika. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mawe na zege, na juu ya watu wanaolala ndani yake.

Nitataja vitu vingi, lakini hoja yangu ni moja. Katika mji huu, jengo likitunzwa ujue kuna watu waliolisemea. Likiachwa lioze, ujue waliokuwa wakilisemea walichoka, au hawakusikilizwa, au hawakuwahi kuulizwa. Umri wa jengo hauamui peke yake, wala uzuri wake.

Hebu tusimame kwa mawazo pale mbele ya Ukumbi wa Mji. Mbele yenu kuna jumba la mawe lenye mnara wa saa, minara midogo na sanamu, jumba ambalo mgeni akiliona mara ya kwanza hudhani ni kanisa kuu. Inueni macho kidogo. Nyuma yake, juu ya kilima, yamesimama maghorofa saba ya College Bank ambayo mji mzima unayaita Seven Sisters, Dada Saba. Marefu zaidi yanafika kama ghorofa 20. Huwezi kupiga picha ya Ukumbi wa Mji kutoka upande ule bila Dada Saba kuingia ndani ya picha. Wapo wanaosema wanaiharibu. Mimi nasema picha hiyo ndiyo Rochdale yenyewe, na anayetaka kuikata nusu hajaufahamu mji huu.

Tuanze na jumba la mawe. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1866 na John Bright, mzaliwa wa hapa na mbunge aliyesikika nchi nzima enzi hizo. Ushikeni mwaka huo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla, na katika miaka ya vita pamba ya kule haikufika kwenye viwanda vyetu vya Lancashire. Viwanda vilisimama, watu wakakosa ujira, wakala chakula cha msaada. Mji uliotoka katika njaa ya namna ile ndio uliokaa ukaamua kujijengea jumba la fahari. Mchoraji wa ramani ya jumba alikuwa William Henry Crossland, na lilipofunguliwa Septemba 1871 lilikuwa limekula takriban pauni 160,000, mara kadhaa ya kiasi kilichokusudiwa mwanzoni. Mwaka 1883 moto ukateketeza mnara wake wa kwanza, uliokuwa na kilele cha mbao. Mji haukusema basi, liachwe hivyo hivyo. Ulimwita Alfred Waterhouse, yule aliyechora Ukumbi wa Mji wa Manchester, akausimamisha mnara mwingine wa mawe, mfupi kuliko wa kwanza. Ndio huo mnaousomea saa kila siku.

Kama hamjaingia ndani, ingieni. Ni mali yenu. Katika Ukumbi Mkuu kuna picha kubwa ya ukutani iliyochorwa na Henry Holiday, inamwonyesha Mfalme John na Magna Carta, ile hati ya zamani ya haki. Madirisha yana vioo vya rangi vyenye wafalme na malkia wa Uingereza. Halafu tazameni dari. Lina paneli za mbao zilizopakwa rangi, zaidi ya 300, ambazo kwa miaka zaidi ya mia moja zilifunikwa na moshi na vumbi hata nakshi zake zikafifia. Katika matengenezo yaliyokamilika mwaka 2024, yaliyogharimu takriban pauni milioni 20, paneli zile zilisafishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mimi ni mtu wa kazi hii, najua maana ya kusafisha mbao kuukuu kwa pamba na maji kidogo, ukiogopa kwamba ukisugua mara moja zaidi utaondoa rangi ya mwaka 1871. Ni kazi ya subira na mapenzi. Nilifurahi kwa dhati jumba lile lilipofunguliwa tena, na sitakubali mtu asimame hapa aseme pesa ile ilipotea. Nitakachouliza ni kitu kingine: subira ile na mapenzi yale yalipanda kilima kufika College Bank?

Kabla ya kupanda kilima, tupite Toad Lane. Wale miongoni mwenu mliosoma ushirika nyumbani, wa Kilimanjaro, wa Kagera, mliopita chuo cha Moshi au mliokulia nyumba ambazo baba aliuza kahawa kwenye chama cha msingi, mlilisikia jina la Rochdale kabla hamjajua liko upande gani wa dunia. Lilikuwa kwenye daftari: waanzilishi wa Rochdale, kanuni za Rochdale. Basi ndipo hapa. Desemba 21, 1844, watu wa kazi za mikono, wengi wao wafumaji, walifungua duka namba 31 Toad Lane. Waliuza siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Waliuza vitu visivyochanganywa na uchafu, kwa mizani ya kweli, na faida ikagawanywa kwa wanunuzi. Mwanachama mmoja, kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Nyumba ile ndogo ya matofali bado ipo, ni makumbusho tangu mwaka 1931, na karibu yake kuna kanisa la St Mary in the Baum lililochorwa na Ninian Comper mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini Toad Lane yenyewe ni kipande tu. Sehemu kubwa ya barabara ile ya zamani ilifagiliwa miaka ya 1960 na 1970 kupisha maduka na barabara mpya. Duka la wanaushirika lilinusurika kwa kuwa vyama vya ushirika vilikuwa vimelishika. Majirani zake hawakuwa na wa kuwashika.

Sasa tupande.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 nchi hii ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyingi, na zilizobaki katika miji ya viwanda zilikuwa safu za vijumba vya matofali vilivyojengwa kwa haraka karne ya 19, choo uani, maji ya bomba moja, kuta zikitoa chumvi kwa unyevu. Mwaka 1951 serikali ya Conservative iliingia na ahadi ya kujenga nyumba 300,000 kwa mwaka. Harold Macmillan alipewa kazi hiyo na 1953 akaifikisha. Halafu ikaja sheria ya ruzuku ya 1956. Hii isikilizeni vizuri, kwa maana ndani yake ndimo ilimo siri ya maghorofa yote mnayoyaona kutoka Rochdale mpaka Salford. Sheria ile iliweka ruzuku kwa namna kwamba kadiri jengo lilivyopanda juu, ndivyo serikali kuu ilivyoilipa halmashauri zaidi kwa kila nyumba. Halmashauri hazikupenda urefu kwa sababu ya mitindo ya wachoraji peke yake. Zililipwa ziende juu. Mpango ule ukaja kuondolewa 1967, lakini kufikia hapo maghorofa yalikuwa yameshasimama nchi nzima.

Dada Saba walijengwa katikati ya miaka hiyo ya 1960, na kampuni ya George Wimpey ndiyo iliyopewa kazi. Majengo yakapewa majina ya mahali palipokuwa pale kabla: Underwood, Mitchell Hey, Dunkirk Rise, Tentercroft, Mardyke, Town Mill Brow, Holland Rise. Wapita njia wengi hawajui kwamba Mitchell Hey lilikuwa jina la kiwanda cha pamba, na kiwanda hicho kilianzishwa miaka ya 1850 na watu wale wale wa Toad Lane na wenzao, kwa mtaji wa wanachama. Kwa hiyo mama anayeandika anwani yake Mitchell Hey anaandika jina la ushirika bila kujua.

Nataka vijana hasa muelewe jinsi maghorofa haya yalivyopokelewa. Leo ukisema nyumba ya kaunsili ghorofani watu wanakunja uso. Wakati ule familia zilizotoka kwenye vijumba vya unyevu zilipewa funguo za nyumba yenye bafu ndani, choo ndani, maji ya moto, jiko lenye nafasi, na dirisha linaloona milima ya Pennine. Wazee Waingereza waliohamia miaka ile wako kati yetu mpaka leo. Ukikaa nao kwenye benchi watakueleza bila kuulizwa jinsi mama zao walivyofungua bomba la maji ya moto mara ya kwanza. Na vyumba vyenyewe vilikuwa vikubwa. Nimepima nyumba nyingi za miaka ile na nyingi zinazojengwa sasa, na mara nyingi ile ya zamani ndiyo yenye mahali pa kuweka kabati, meza ya kulia na kitanda cha mtoto bila watu kupishana kwa ubavu.

Basi kilichoharibika ni nini?

Mei 16, 1968, alfajiri, huko Canning Town mashariki mwa London, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo jipya la Ronan Point aliwasha jiko la gesi kuchemsha chai. Gesi ililipuka, ukuta wa pembeni ukasukumwa nje, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kutoka juu mpaka chini. Watu wanne walikufa. Jengo lile lilikuwa la vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kuunganishwa papo hapo, na viungo vyake havikufaa. Si kila ghorofa lilijengwa hivyo, lakini imani ya wananchi ilivunjika kwa yote. Kisha zikaja bajeti za kubana. Kisha sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa. Kwa familia moja moja ilikuwa neema, sitaki kuficha. Lakini nyumba zilizonunuliwa upesi zilikuwa zile nzuri zenye bustani, na halmashauri zikabaki na ghorofa ambazo wachache walizitaka, kodi ndogo, na mapaa yanayovuja.

Hapa hapa Rochdale tulikuwa na Ashfield Valley. Yalikuwa majengo 26 ya zege, yaliyopewa majina kwa kufuata herufi, kuanzia A mpaka Z. Yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mengi yalikuwa yamebomolewa. Fikirini: halmashauri za wakati ule zilikopa pesa za nyumba kwa kawaida kwa miaka 60. Jengo linabomolewa, deni bado linalipwa. Waliokulia pale wana kumbukumbu zao, nzuri na mbaya, na hawana mlango wa kuwaonyesha wajukuu.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maghorofa, ufa wenyewe mara nyingi huwa lifti. Majengo mengi ya miaka ya 1960 yaliwekewa lifti mbili, moja ikisimama ghorofa za shufwa na nyingine za witiri. Hesabu ilikuwa ya kubana matumizi. Ikiharibika moja, nusu ya jengo inapanda ngazi. Mama mwenye mtoto mgongoni na mifuko ya soko miwili, mzee mwenye mguu mbovu, kijana anayetoka zamu ya usiku. Kipuri kinaagizwa, wiki zinapita. Huo ndio mwanzo. Wenye uwezo wanahama kwanza, wasio na uwezo wanabaki, nyumba tupu zinaongezeka, kodi inapungua, matengenezo yanapungua tena. Halafu anakuja mtu na kalamu yake anaandika kwamba jengo hili limeshindwa. Jengo halikushindwa. Liliachwa.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo la ukungu, kwa kuwa najua humu ndani kuna watu ambao watoto wao wanakohoa.

Ukungu mweusi ule mnaouona nyuma ya kabati, kwenye pembe za dari, pembeni mwa dirisha, una sababu yake na sababu hiyo inapimika. Hewa yenye joto hubeba mvuke. Watu watano wakilala, wakipumua, wakioga, wakianika nguo ndani kwa kuwa nje kunanyesha, na sufuria ya maharage ikichemka jikoni, lita kadhaa za maji zinaingia hewani kila siku. Mvuke huo ukigusa kitu baridi unageuka maji, kama chupa ya soda inavyotoa jasho ukiitoa kwenye friji. Katika maghorofa ya zamani, sakafu ya zege mara nyingi huendelea moja kwa moja mpaka nje ya ukuta bila kizuizi. Baridi ya Januari inaingia kwa njia hiyo hiyo mpaka ndani ya chumba. Ndiyo maana ukungu hupenda pembe, pale sakafu au dari inapokutana na ukuta wa nje, na hupenda nyuma ya kabati ambako hewa haipiti. Dawa yake ni tatu na haziachani: kulivisha jengo koti la kuzuia baridi kwa nje, tena la kitu kisichoshika moto, maana hatujasahau moto wa ghorofa la Grenfell na watu 72 waliokufa pale London Juni 2017, kuweka feni zinazovuta mvuke jikoni na bafuni, na hita ambayo mpangaji anamudu kuiwasha. Rangi nyeupe juu ya ukungu si dawa. Ukipaka leo, utauona tena baada ya wiki chache.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya mtoto Awaab Ishak. Alikuwa na miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan, wakaishi mtaa wa Freehold, hapa Rochdale, katika nyumba ya kupanga ya chama cha nyumba. Baba yake alilalamikia ukungu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Desemba 2020 mtoto alifariki. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba chanzo ni kukaa muda mrefu katika ukungu wa nyumba ile. Na mwenye nyumba alikiri kwamba walikuwa wamejijengea dhana kuhusu namna familia ile ilivyoishi. Dhana! Kwamba hawa wageni wanaoga vibaya, wanapika vibaya, ndio wanaoleta maji ukutani. Nimesikia maneno ya aina hiyo kwenye korido kwa masikio yangu, yakisemwa juu ya watu wetu. Anayewaambia ukungu ni kosa la upishi wenu, muulizeni ukuta una nyuzi ngapi za joto.

Kifo kile kilizaa sheria inayobeba jina la mtoto yule. Tangu Oktoba 27, 2025, mwenye nyumba za jamii hapa Uingereza akipata taarifa ya hatari kubwa ya unyevu na ukungu lazima achunguze ndani ya siku 10 za kazi, akupe matokeo kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi baada ya hapo, na aifanye nyumba iwe salama ndani ya siku tano za kazi baada ya uchunguzi kumalizika. Hatari ya dharura, saa 24. Asipotimiza, kuna hatua za malalamiko kwake mwenyewe, na baada ya hizo kuna Housing Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya wapangaji. Kila kitu kwa maandishi. Simu peke yake haitoshi. Picha, tarehe, barua pepe, na nakala mbaki nayo.

Sasa turudi kwa Dada Saba. Mwaka 2012 halmashauri ilikabidhi nyumba zake zote kwa Rochdale Boroughwide Housing, kwa kifupi RBH, ambayo 2013 ikawa chama kinachomilikiwa na wapangaji na wafanyakazi wake, cha kwanza cha aina hiyo nchini. Mnaona mstari unavyokwenda? Kutoka Toad Lane, kupitia kiwanda cha Mitchell Hey, mpaka mlango wa lifti. Mwaka 2017 chama hicho kikatangaza kusudio la kubomoa majengo manne kati ya saba: Mardyke, Town Mill Brow, Tentercroft na Dunkirk Rise. Sababu iliyotajwa ilikuwa gharama ya ukarabati. Wapangaji walipinga, wakaandika, wakaandamana. Kwa miaka watu wameishi katika majengo yaliyokwisha kutajwa kwenye orodha ya kubomolewa, wakijiuliza kama wabadilishe zulia au wasibadilishe. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwakani hapandi ua kwenye kopo. Hiyo nayo ni hasara, ingawa haimo katika hesabu ya mhandisi yeyote.

Nasimama hapa kusema wazi kwamba siungi mkono kubomoa pale ambapo kukarabati kunawezekana. Saruji ya zege lile imeshachomwa, imeshatoa moshi wake angani miaka 60 iliyopita. Ukilivunja na kujenga upya unaulipa moshi huo mara ya pili. Na kukarabati huku watu wamo ndani kunawezekana. Kule Bordeaux, Ufaransa, wachoraji Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao, walichukua maghorofa matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530. Waliyaongezea kwa nje vibaraza vikubwa vya vioo vinavyoingiza jua na kuzuia baridi, na wapangaji hawakuhamishwa. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya usanifu ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019.

Lakini kulihifadhi jengo peke yake hakutoshi, na mfano uko jirani, Sheffield. Park Hill, lililokamilika 1961, lilichorwa na Jack Lynn na Ivor Smith. Lilikuwa na nyumba karibu elfu moja, na kila ghorofa ya tatu kulikuwa na baraza refu la wazi, pana kiasi cha kigari cha maziwa kupita, watoto wakicheza mbele ya milango kama uani. Mabaraza yale yakapewa majina ya mitaa iliyobomolewa, na majirani wa zamani wakawekwa karibu karibu tena. Likachakaa kama mengine. Mwaka 1998 serikali ikaliingiza katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, daraja la pili lenye nyota. Likaokoka. Leo zege lake limesafishwa, milango ina rangi za kung'aa, na sehemu kubwa ya nyumba zake imeuzwa au inapangishwa kwa bei ya soko. Wengi wa wapangaji wa kaunsili waliondolewa na hawakurudi. Mimi nilitembea kwenye mabaraza yale na kuyapenda, na niliumia vilevile. Jengo linaweza kuokolewa na wenyewe wakapotea. Tukidai Dada Saba watunzwe, tudai pamoja na hilo kwamba wanaoishi pale wabaki pale, kwa kodi wanayoimudu.

Wengine mtasema, haya ni mambo ya Waingereza, sisi ni wageni. Wengi wenu kutoka Kongo mlifika katika miji hii ya Greater Manchester kupitia mpango wa serikali wa kupokea wakimbizi, Gateway, ulioanza 2004, baada ya miaka mingi kambini Uganda na kwingineko. Mlipewa ufunguo hamkuchagua mlango. Watoto wenu wamezaliwa hapa, wanasema Kiingereza cha Rochdale kuliko mwalimu wao. Hakuna mgeni anayelipa kodi ya nyumba miaka 15.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nitamaliza. La kwanza, wapangaji wa RBH, jiandikisheni uanachama. Kura yako ina uzito sawa na ya mkurugenzi, hiyo ndiyo kanuni iliyoanzia mtaa wa pili kutoka hapa, na wanachama wanachagua wawakilishi wao. La pili, likija ombi lolote la kujenga au kubomoa, halmashauri hulitangaza na kupokea maoni ya wananchi kwa muda maalumu. Andikeni. Msiandike tu "hatutaki". Andikeni jengo lina watu wangapi mnaowajua, shule iko wapi, zahanati iko wapi, mzee gani hawezi kuhamia mbali. Mkiona Kiingereza kigumu, andikeni kwa Kiswahili, vijana watafasiri. La tatu ni la leo hii. Fomu za uanachama ziko kwenye meza ya pembeni, na mama zetu wa kamati watasaidia kujaza. Mwenye picha za ukungu kwenye simu yake asiondoke. Leteni viti huku mbele, tuandike barua hizo sasa hivi, kila moja na tarehe yake, kabla ukumbi haujafungwa saa tatu.